Macho Safi

Baba mdogo alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu msimu ule mpunga ulipopanda bei. Kulikuwa na kambi ya macho Mpanda mjini. Alipanga foleni tangu saa moja asubuhi, akawekewa matone, akasubiri mpaka mboni zikapanuka, kisha daktari akamsogelea na kifaa chake cha kumulikia akamtazama jicho moja baada ya jingine. "Amenimulika mpaka kisogoni," aliniambia. "Macho yangu safi, mwanangu. Safi kabisa."

Nikamwambia tumshukuru Mungu, tukaongea mengine ya nyumbani, tukaagana. Halafu nikabaki nimeshika simu mkononi. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekaa na mtaalamu mmoja wa macho Dar es Salaam kwa ajili ya makala ya gazeti, na kitu alichonieleza kilikuwa bado hakijanitoka kichwani. Alisema kwamba kwa mgonjwa wa kisukari, neno "safi" linahusu kile kilichoonekana tu. Jicho lenyewe linaweza kuwa limeanza safari yake zamani.

Gazetini jambo hilo halikuingia. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Baba mdogo ana miaka 58 na ni dereva wa Fuso. Anabeba mpunga na mahindi kutoka upande wa Mpimbwe, huko Majimoto na Usevya, anapita Kibaoni, anakatiza Hifadhi ya Katavi, anatokea Sitalike na kuingia Mpanda. Aliyewahi kupita njia hiyo jioni wakati wa kiangazi anajua: jua linazama mbele ya kioo, vumbi limesimama, na wanyama nao wana safari zao za kwenda kwenye maji yaliyobaki ya mto Katuma. Kwenye kiti cha pembeni yupo utingo wake, kijana wa miaka 22, ambaye mara nyingi anakuwa amelala. Kwa hiyo macho ya baba mdogo hayamhusu yeye peke yake.

Alikutwa na kisukari miaka 6 iliyopita, kwa bahati tu, alipokwenda kutibiwa kidonda cha mguuni kisichotaka kukauka. Akaandikiwa vidonge, akaambiwa apunguze sukari kwenye chai na ugali kwenye sahani. Miaka hiyo yote alikuwa akimeza vidonge kwa woga, na woga wake ulikuwa wa macho. Aliwahi kumwona dereva mwenzake, mtu wa Makanyagio, akiongozwa na mjukuu kwenda kanisani. Basi baada ya kambi ile woga ukaisha, na vidonge navyo vikaanza kuisha kwa taratibu nyingine: leo kimoja badala ya viwili, kesho "nitameza nikifika", keshokutwa hakuna. Mama mdogo ndiye aliyenipa taarifa. Nilipomuuliza mwenyewe, alinijibu kwa hoja ambayo kusema kweli ina mantiki yake: "Sukari ikiharibu, macho ndiyo yatakuwa ya kwanza kusema. Na macho hayajasema kitu."

Nimeizungusha hoja hiyo kichwani kwa miezi. Nikijiuliza ina kosa gani, naona kosa haliko kwenye mantiki ya baba mdogo. Liko kwenye imani tunayoishiriki sote, kwamba ugonjwa ni kitu kinachosema.

Angalia hata lugha yetu. Mswahili akiugua anasema "naumwa", yaani kuna kitu kinaniuma, kina meno. Ukimtembelea mgonjwa unamuuliza, "Unajionaje leo?" Tunaona njaa, tunaona kiu, tunaona baridi, tunaona haya. Kuona, kwetu, siyo kazi ya jicho tu, ni namna nzima ya mtu kupata habari za mwili wake mwenyewe. Sijioni mgonjwa, basi si mgonjwa. Hata methali yetu kuhusu maradhi, ile ya mficha maradhi kifo humuumbua, inamtuhumu mgonjwa kwa kuficha kitu anachokijua. Methali haikumfikiria mtu ambaye maradhi yenyewe ndiyo yamemficha yeye.

Kisukari ni mdudu wa aina hiyo. Kinauma na kupuliza, kama panya anayekula unyayo wa mtu aliyelala. Na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unene wake kama robo ya milimita, hauna mishipa ya fahamu ya maumivu. Hauwezi kuuma hata ukitaka. Wakati huohuo ni moja ya sehemu za mwili zinazotumia oksijeni kwa wingi sana kulingana na ukubwa wake, na kazi ya kuona gizani ndiyo inayoula zaidi. Yaani ni mfanyakazi anayekula sana, anayefanya kazi usiku, na asiyejua kulalamika.

Sasa nini kinatokea humo kabla ya kitu chochote kuonekana? Nilimwomba yule mtaalamu anieleze polepole, mimi nimesoma uandishi wa habari, siyo udaktari. Mishipa midogo kabisa ya damu kwenye retina imejengwa kwa seli za aina mbili. Kuna zile zinazotengeneza bomba lenyewe, na kuna nyingine zinazolikumbatia bomba kwa nje, zikilibana na kulilegeza kulingana na mahitaji. Hizi za nje zinaitwa perisaiti. Mwaka 1961, Marekani, David Cogan, Daniel Toussaint na Toichiro Kuwabara walichukua retina za watu waliokufa, wakaziyeyusha kwa kimeng'enya hadi ukabaki wavu wa mishipa peke yake, wakautazama kwa hadubini. Kwenye retina za waliokuwa na kisukari wakakuta seli za kukumbatia zimetoweka. Mahali zilipokuwa pamebaki mifuko mitupu, kama viota ndege wameshaondoka. Bomba lililokosa wa kulikumbatia ndilo baadaye linalovimba vitundu vidogo mithili ya vichwa vya pini, na vitundu hivyo ndivyo daktari anavyovitafuta anapomulika. Kufikia siku anakiona cha kwanza, mkumbatiaji ameshaondoka.

Hiyo ni damu. Kuna na upande wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1998 Alistair Barber na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba seli za fahamu za retina zinakufa kwenye kisukari, kwa panya wa maabara na pia kwenye macho ya binadamu, na kwa panya jambo hilo linaanza mapema sana. Watafiti wengine, kule Berkeley, California, walipima umeme unaotolewa na retina inapopigwa na mwanga. Kwa watu wenye kisukari ambao macho yao yalionekana hayana kasoro, kuna vipande vya retina vilivyojibu kwa kuchelewa, uchelewaji wa milisekunde chache tu. Walipowafuatilia, madhara ya kuonekana yalijitokeza zaidi palepale palipokuwa pamechelewa. Wengine wamepima rangi, wakaona uwezo wa kutofautisha bluu na njano unapungua kidogo, au jicho linachelewa kuzoea giza baada ya mwanga mkali.

Hiyo ya mwisho ilinigusa. Lori likikupita usiku limekuwashia taa kali, kuna sekunde kadhaa unaendesha kwa kumbukumbu. Siwezi kusema kwamba sekunde za baba mdogo zimeongezeka. Na yeye hawezi kusema hazijaongezeka. Nani huwa anazihesabu?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo swali lenyewe linapoanza kunisumbua. Kabla ya mwaka 1851, wakati Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho, mboni ya mtu aliye hai ilikuwa tundu jeusi tu. Hakuna daktari aliyekuwa ameiona retina inayofanya kazi. Mtu mwenye kisukari aliyekuwa akipofuka alikuwa, kwa lugha ya daktari wake, na macho yasiyo na kasoro mpaka siku anagonga mlango. Kifaa kikaja, mstari ukasogea: sasa ugonjwa ulianza pale daktari anapoona vidoa. Ikaja kamera, mstari ukasogea tena. Zikaja mashine za kupima tabaka za retina, na za kupima umeme wake. Kila chombo kinapofika, watu waliolala wakiwa wazima wanaamka wakiwa wagonjwa, na miili yao haijabadilika usiku ule hata kidogo.

Ina maana "kabla ya kuonekana" siyo sifa ya ugonjwa. Ni sifa ya chombo, na chombo kina anwani. Baba mdogo akikaa Berkeley ana jambo la kufuatiliwa. Akikaa Makanyagio ni mzima. Mtu mmoja, jicho moja, siku moja. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, na kabla ya hapo kwa miaka mingi tulikuwa mwisho wa tawi la reli, mahali pa kufikiwa na vitu vikiwa vimechelewa. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari Malta, alitibu watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu mmoja, zaidi ya nusu karne. Nikisikia mtu anasema huku kwetu magonjwa fulani "hayakuwepo zamani", huwa nawaza ni mangapi yalikuwepo bila mtu wa kuyaona.

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania uliokuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta karibu 9 kati ya 100 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa sawa na watu hawakuwa walewale, kwa hiyo usizigawanye hizo namba ukapata jibu. Lakini mwelekeo unauona hata kwenye misiba.

Kuna kipande kingine cha hadithi hii ambacho kilinifanya nicheke peke yangu ndani ya daladala. Umewahi kujiuliza kwa nini mtu anaitwa mgonjwa wa kisukari akifikisha 7.0 asubuhi kabla ya kula? Kwa nini siyo 6.5, au 7.5? Zamani kizingiti kilikuwa 7.8. Mwaka 1997 kamati ya wataalamu wa Marekani ilikishusha, na miongoni mwa vitu walivyovitazama ni macho: takwimu za Wahindi Wekundu wa kabila la Pima, za Wamisri na za Wamarekani kwa jumla, wakaona ni kwenye kiwango gani cha sukari madhara ya retina yanaanza kupanda. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani nalo likakipitisha. Yaani namba yenyewe inayotenganisha mgonjwa na mzima imechukuliwa kutoka kwenye jicho, na kutoka kwenye madhara yanayoonekana. Tuliliuliza jicho ugonjwa unaanza lini, likatujibu kwa kile lilichoweza kuonyesha, na sasa tunaitumia namba hiyo kuwaambia watu macho yao bado. Ni duara. Silaumu mtu, mahali pa kuchora mstari lazima papatikane. Nasema tu kwamba ni mstari uliochorwa.

Na hata ukiukubali, siku ya kupimwa siyo siku ya kuanza. Mwaka 1992 watafiti waliotumia takwimu za Wisconsin na za Australia Magharibi walifanya hesabu rahisi sana. Walichukua idadi ya wenye madhara ya retina kwa kila kipindi tangu wagundulike, wakauvuta mstari kurudi nyuma hadi pasipo na mwenye madhara hata mmoja. Mstari haukuishia siku ya kugundulika. Uliendelea kurudi miaka 4 hadi 7 kabla yake. Nikaufanyia hesabu mguu wa baba mdogo, kidonda chake kile: miaka 6 ya kujua, ongeza 4 mpaka 7 ya kutojua. Retina yake inaweza kuwa inakaa kwenye sukari nyingi tangu utingo wake akiwa shule ya msingi.

Basi, nimwambie?

Wengine mtaona hili siyo swali. Mwambie, ni baba yako. Mimi niliona ni swali, na bado naona. Kwanza, nimwambie nini hasa? Kwamba macho yake ni mabovu? Sijui hivyo. Kwamba ni mazima? Sijui hivyo pia. Nilichonacho ni maarifa ya watu kwa jumla, na yeye ni mtu mmoja. Pili, kwa hatua hiyo ya mwanzo hakuna tiba ya jicho. Leza ni ya baadaye. Sindano za ndani ya jicho ni za baadaye, na zote ziko kwenye hospitali kubwa, mbali na Mpanda. Dawa ya hatua ya mwanzo ni ileile aliyoambiwa miaka 6 iliyopita: sukari, presha, sigara, mwendo. Kwa hiyo nitakuwa nimemwongezea nini zaidi ya hofu? Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa falsafa, alinibana hapo. Alisema kuna aina ya ukweli ambayo ni mzigo tu wa kuhamisha: mimi nimelemewa kwa kujua, namtwisha mwingine ili nipumue, halafu najiita mkweli.

Hoja hiyo ilinishika wiki nzima. Iliyonitoa ni namba moja. Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani na Kanada kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Miongoni mwa washiriki kulikuwa na kundi ambalo mwanzoni retina zao hazikuonekana na madhara yoyote. Watu wa macho safi, kama baba mdogo. Waliodhibiti sukari kwa ukaribu, hatari ya madhara ya retina kujitokeza ilipungua kwa asilimia 76 wakilinganishwa na waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Baba mdogo ana aina ya pili, na kwa hiyo jaribio la Uingereza la mwaka 1998 linatoa namba ya kawaida zaidi, asilimia 25 kwa madhara ya mishipa midogo kwa jumla. Lakini ona kitu hicho. Wakati ambao juhudi inalipa sana ni wakati ambao hakuna cha kuonyesha. "Safi" ndiyo saa ya kazi, naye ameisikia kama saa ya mapumziko. Neno lile limemnyang'anya kitu, hata kama aliyelisema alikuwa mkweli kabisa. Na mimi nililisikia likimnyang'anya nikasema tumshukuru Mungu.

Nimesema nitaeleza kwa nini jambo hili halikuingia gazetini. Mhariri alilipenda, ila alitaka picha. "Jicho lenye kisukari linaonekanaje?" akaniuliza. Nikamwambia hatua ninayoiandika haionekani, ndiyo habari yenyewe. Akanitazama kama mtu aliyeletewa sahani tupu. Mwisho ikatoka makala nyingine, ya kawaida, juu yake picha ya bibi mwenye weupe kwenye mboni. Weupe ule ulikuwa mtoto wa jicho. Nilijua, nikanyamaza, maana ukurasa ulikuwa unakwenda mitamboni. Kwenye kazi yetu kipofu ni habari, anayeelekea upofu siyo. Kwa hiyo sina haki ya kumshangaa baba mdogo kwa kungoja macho yaseme. Nalipwa mshahara na watu wanaongoja hivyohivyo.

Na kusoma macho kwa nje kumewahi kutufikisha pabaya zaidi. Kanda ya Ziwa na magharibi mwa nchi, wanawake wazee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Mtu amepika kwa kuni miaka 50, moshi umemwingia, macho yamewiva, kijiji kinasema huyu ndiye. Niliwahi kutumwa kuandika msiba wa aina hiyo. Nilikuta jiko la mafiga matatu, kuta nyeusi tii kwa masizi, na mtoto wa marehemu, mama wa miaka kama 40, akipika kwa ajili ya waombolezaji kwenye jiko lilelile. Alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Sikuweza kujua analia au ni moshi, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nayakagua. Jicho jekundu lisilo na kosa linahukumiwa kufa, na jicho jeupe la dereva linapewa cheti. Katika yote mawili tumeamini kwamba kilicho ndani lazima kijitokeze nje ili sisi tukisome.

Nilipopata likizo nilipanda basi kwenda Mpanda. Nilimkuta baba mdogo uani, amekunja suruali, anapaka grisi. Nikaamkia, akaitika, akaniletea kigoda. Nilikuwa nimejiandaa na mfano ambao niliuona mzuri sana. Nikamwambia: baba, lori lako unalipeleka sevisi kwa kilomita au kwa kelele? Ukingoja injini ipige kelele ndipo umwage oili, si utakuwa umechelewa? Nikamweleza mishipa, seli za kukumbatia, uchelewaji wa retina, yote, kwa Kiswahili cha kawaida. Alisikiliza bila kunikatiza. Huyo ni mtu anayesikiliza.

Halafu akasema, "Lori ni la tajiri. Sevisi analipa tajiri. Mimi sevisi yangu nani analipa?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, hakukasirika. Siku ya kliniki ni siku isiyo na safari. Isiyo na safari haina posho. Mashine ya kupimia sukari anayo, mtoto wake alimletea kutoka Tabora, lakini zile karatasi zake za kupimia zikiisha anakaa miezi. Alikuwa akimeza dawa kwa sababu ya woga wa upofu, na woga hauhitaji fedha. Kambi ikauondoa woga. Sasa nimekuja mimi kutoka Dar kumrudishia woga, lakini mfukoni mwangu hakuna kingine nilichombebea. Haya hakuyasema kwa maneno hayo, la mwisho naliongeza mimi. Yeye alisema tu, "Kujua ni kuzuri. Kuna watu kunawafaa."

Nimefikiria sana kuhusu wajibu wa kusema ukweli, na vitabu nilivyosoma chuoni vinauzungumzia kama jambo kati ya mdomo na sikio. Pale uani niliona kwamba ukweli wa aina hii una gharama ya kuutumia, na anayeusema bila kuuliza gharama hiyo atailipa nani amefanya nusu ya kazi. Sisemi basi anyamaze. Nasema nusu.

Kuna jambo moja nililifanya ambalo rafiki yangu wa falsafa angelifurahia. Kwenye jaribio lile la mwaka 1993 ilionekana pia kwamba kwa baadhi ya watu, hasa waliokuwa na madhara tayari, kushusha sukari kwa haraka kulifanya retina ionekane vibaya zaidi mwanzoni, kabla faida haijaipita hasara. Hilo sikumwambia baba mdogo. Nilijiambia halimhusu. Kwa nini halimhusu? Kwa sababu macho yake ni safi. Nililitumia neno lilelile nililosafiri siku nzima kwenda kulipinga, na nikalitumia bila kusita, kwa kuwa safari hii lilikuwa linanisaidia mimi. Niligundua nikiwa njiani kurudi, mahali fulani kabla ya Tabora.

Lakini kabla sijaondoka, jioni ile uani, aliniuliza swali ambalo nilipaswa kulitegemea. Baba yangu mzazi, kaka yake, alikufa kwa kisukari. "Na wewe umepima?" Nikasema bado. "Tangu lini bado?" Nikasema nina mambo mengi. Akacheka kwa sauti, mpaka mama mdogo akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Nilipima baada ya wiki 3, asubuhi, kabla ya chai. Ikaja 6.4. Ukitazama vizingiti vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 mpaka 6.9 siyo kisukari na siyo kawaida. Kwenye uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, kati ya watu waliokuwa kwenye eneo la aina hiyo, ambao sukari yao imepanda ila hawajafika kizingiti, karibu 8 kati ya 100 tayari walikuwa na madhara ya kuonekana kwenye retina. Mambo haya nilikuwa nayajua kabla sijatoa kidole, na bado kitu cha kwanza nilichokifanya baada ya kuiona ile namba ni kwenda kujitazama macho kwenye kioo cha bafuni. Yalikuwa meupe.

Nikampigia baba mdogo. Alikuwa Majimoto, wanapakia, nyuma nasikia watu wanahesabu magunia.

"Ngapi?"

"Sita nukta nne."

"Hiyo ni mgonjwa au mzima?"

"Katikati."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia utingo anamwita. Akasema mtandao utakatika akiingia hifadhini, tutaongea akifika Sitalike, ila nikija tena nimletee zile karatasi za mashine, zake zimeisha tangu mwezi uliopita. "Lete pakiti mbili," akasema. "Moja yako."